Uvimbe bandia wa figo

Uvimbe bandia wa figo ni sehemu ya kawaida ya figo ambayo kwenye picha ya ultrasaundi huonekana kama saratani. Mifano ni safu ya Bertin (tishu ya kawaida ndani ya figo) iliyonenepa na nundu ya figo ya kushoto iliyo chini ya bandama. Picha ya CT yenye dawa ya mshipani huonyesha kuwa sehemu hiyo hupokea dawa sawa na figo yote. Magonjwa halisi hupotosha zaidi: kifua kikuu cha figo, jipu, na onkositoma, yaani uvimbe usio saratani ambao hata CT haiutofautishi kwa uhakika. Wapo wagonjwa wanaoondolewa figo kabla ukweli haujajulikana, hasara nzito ambayo biopsi, yaani kupima kipande cha uvimbe, huweza kuizuia. Lakini vipimo haviko karibu na kila mtu: kwa mkazi wa Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru nchini Tanzania, CT humaanisha safari hadi Morogoro mjini au Dar es Salaam.