Marubani wa Vita: Aliyeharakishwa na Waliongojeshwa

Neno rubani ni la baharini kabla halijawa la angani. Wazee wetu wa mwambao walimwita rubani yule ajuaye njia za maji, mwenye kukiongoza chombo kati ya miamba hata kikatia nanga salama. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, haja yake kubwa ilikuwa rubani, na rubani aliyempata hapo ndiye aliyemvusha bahari hadi Calicut. Ndege zilipokuja, lugha yetu haikuhangaika kutafuta jina jipya. Ilimpandisha bwana yule yule wa majini juu ya mawingu. Kwa hiyo Mswahili asemapo rubani humaanisha mtu aliyefundwa, mwenye elimu isiyopatikana kwa kubahatisha. Insha hii yahusu jinsi elimu hiyo ilivyotolewa kwa marubani wa ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hasa ni nani aliyeharakishwa kuipata, na ni nani walioipata kisha wakangojeshwa mlangoni.

Tuanzie kwetu. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, Roald Dahl, aliyekuja baadaye kuwa mtunzi mashuhuri wa hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam. Kwanza alipewa uongozi wa muda wa askari wa King's African Rifles, kazi yao ikiwa kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi mjini. Mwezi Novemba aliingia gari lake, akashika njia ya Nairobi, mwendo wa maili 600 hivi, akajiandikishe katika Jeshi la Anga la Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 23 na urefu wa futi sita na nusu hivi, kimo ambacho hakuna mtengeneza ndege aliyekitazamia. Ameeleza kwamba kichwa chake kilitokeza juu ya kioo cha mbele, upepo ukampiga usoni hata pumzi ikawa taabu, ikambidi ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Alikuwa mtunzi huyu, na sisi watunzi twajuana. Lakini urefu wake hauna ubishi.

Ndege waliyofunzwa Nairobi iliitwa Tiger Moth. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na viti viwili vilivyo wazi, kimoja cha mwalimu na kimoja cha mwanafunzi. Ilikuwa nyepesi, yenye kusamehe makosa, lakini si makosa yote. Somo la kwanza na la mwisho la shule hiyo lilikuwa moja: bawa huibeba ndege kwa sababu linasukumwa mbele kwenye hewa, mwendo ukipungua mno, au pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa huliacha bawa na ndege huanguka kama jiwe. Bawa moja likitangulia kuachwa, ndege huzunguka kama pia ikielekea chini. Kila silika ya mwanadamu humwambia hapo avute mkono wa usukani ili apande juu, na kuvuta ndiko kunakomwua. Afanyalo aliyefundwa ni kinyume chake: husukuma kwa mguu usukani wa mkia dhidi ya mzunguko, huielekeza pua chini kwenye ile ardhi anayoiogopa, hungoja mwendo urudi, ndipo huvuta. Mwalimu aliwatia wanafunzi katika zunguko hilo kwa makusudi, mara nyingi, mpaka mikono na miguu ijibu kabla ya hofu.

Dahl aliruka peke yake baada ya saa 7 na dakika 40 za kufundishwa. Kisha aliachiwa anga, akaruka juu ya Bonde la Ufa akiwatazama wanyama wa porini kutoka mahali ambapo watu wachache mno walikuwa wamewahi kuwatazama. Kwa hesabu yake mwenyewe, vijana waliofunzwa pamoja naye Nairobi walikuwa 16, na 13 kati yao walikufa angani katika miaka miwili iliyofuata.

Yapasa tusimame hapa kidogo. Wale askari wa KAR aliowaongoza Dar es Salaam hawakuulizwa kama wangependa kujifunza kurusha ndege. Kanuni za Jeshi la Anga la Uingereza zilikuwa zimetaka afisa awe mtu wa asili ya Kizungu tupu. Kanuni hiyo ililegezwa Oktoba 1939, kwa muda wa vita tu, na baadaye Waafrika wachache wa Magharibi na watu wengi wa visiwa vya Karibi walipita katika upenyo huo. Askari wetu haukuwafaa kitu. Wao walikwenda Ethiopia, Madagaska na Burma, kwa meli, kwa malori na kwa miguu. Watanganyika walingoja Uhuru, kisha wakangoja kuundwa kwa Jeshi la Wananchi mwaka 1964; mwaka uliofuata wakufunzi wa Kanada ndio walioanza kulisaidia jeshi hilo kujenga kikosi chake cha anga.

Turejee kwa Dahl. Kutoka Nairobi alipelekwa Habbaniya, Iraki, kambi iliyo jangwani kando ya mto Furati, akakaa miezi sita hivi akijifunza ndege zenye nguvu zaidi na kufyatua risasi. Huko alipewa cheti na alama ya mabawa ya kushona kifuani. Kisha akapangiwa Kikosi cha 80 kilichokuwa katika jangwa la Misri, akakabidhiwa ndege iitwayo Gladiator. Hiyo ilikuwa na kiti kimoja, hivyo hapakuwa na mwalimu wa kukaa naye ndani yake. Tarehe 19 Septemba 1940 aliondoka nayo kwenda kukitafuta kikosi chake. Mahali alipoelekezwa hakuona uwanja wala hema. Jua likatua, mafuta yakapungua, akajaribu kutua jangwani katika giza. Ndege iligonga jiwe ikawaka moto. Fuvu lake lilipasuka, akakaa kipofu kwa majuma kadhaa. Adui hakuwa amemwona wala yeye hakuwa amemwona adui.

Aprili 1941, alipopona, alitumwa Ugiriki kwa ndege ya Hurricane, ambayo alikuwa ameizoea kwa saa chache tu. Huko Waingereza walibakiwa na Hurricane zisizofika 20 mbele ya mamia ya ndege za Kijerumani. Ameandika kwamba shule zote alizopitia hazikumfundisha namna ya kupigana na ndege nyingine. Machache aliyoyajua alielezwa na rubani mwenzake, kwa hisani tu, usiku wa kuamkia pambano. Haraka hiyo haikuwa ya Dahl peke yake. Katika kiangazi cha 1940, Uingereza iliposhambuliwa, wapo vijana waliofika vikosini wakiwa na saa 10 tu katika Spitfire, wengine chini ya hapo. Serikali yenye hofu hufupisha mafunzo, na walioyafupishiwa ndio hulipa.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili uko ng'ambo ya Atlantiki, ambako wakati ule ule walikuwako vijana walioomba kwa kila njia waruhusiwe kufa angani, wakanyimwa.

Wamarekani Weusi hawakuwa wageni wa ndege. Eugene Bullard aliirushia Ufaransa ndege ya kivita mwaka 1917, kwa kuwa nchi yake haikumtaka. Bessie Coleman alipata leseni yake Ufaransa mwaka 1921, kwa sababu hiyo hiyo. Pamoja na hayo, mwaka 1925 Chuo cha Vita cha Jeshi la Marekani kilitoa ripoti iliyodai kwamba mtu Mweusi ni duni kwa akili na kwa ujasiri, na ripoti hiyo ikawa kama msahafu wa makamanda. Benjamin O. Davis alipoingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1932, wanafunzi wenzake walikubaliana wasimsemeze ila kwa amri za kazi. Alilala peke yake chumbani na kula kimya mezani miaka minne, akahitimu mwaka 1936 akiwa wa 35 kati ya 276. Aliomba kuwa rubani. Alijibiwa kwamba jeshi la anga halina kikosi cha Weusi, wala halina mpango wa kukiunda. Mimi niliyekaa maofisini miaka mingi nayajua majibu ya namna hiyo: mwombaji hana kosa, jalada halina kosa, ila nafasi haipo, na asiyeiweka nafasi ndiye atiaye sahihi.

Mambo yalibadilika kwa shinikizo la magazeti ya Weusi, la vyama vyao, na la kesi mahakamani. Januari 1941 jeshi lilitangaza kwamba litaunda kikosi kimoja cha ndege za kivita cha watu Weusi, nacho kikaitwa Kikosi cha 99. Mahali pa mafunzo palichaguliwa Tuskegee, Alabama, penye chuo alichokianzisha Booker T. Washington mwaka 1881. Mwalimu mkuu wa urubani wa chuo hicho alikuwa Charles Alfred Anderson, mtu aliyenunua ndege yake mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwenye kukubali kumfunza katika ndege yake. Machi 1941 mke wa Rais Roosevelt alizuru Tuskegee, akapanda ndege ya Anderson, wakazunguka angani mbele ya walinzi wake waliojaa wasiwasi. Picha yao ilienea nchi nzima.

Wanafunzi wa kwanza walianza Julai 1941. Walikuwa 13, mmoja wao Kapteni Davis, aliyekuwa ameipata nafasi baada ya miaka mitano. Walianza darasani: hali ya hewa, kupiga hesabu za njia, alama za Morse, ufundi wa injini. Kisha wakaingia uwanja mdogo wa Moton Field, ambako walimu Weusi waliwafunza kwa ndege ya mabawa mawili iitwayo Stearman, ndugu wa ile Tiger Moth ya Nairobi, na somo lilikuwa lile lile la bawa kuachwa na hewa. Baada ya saa 60 hivi walihamia kambi kubwa ya jeshi, chini ya walimu Weupe, wakajifunza kuruka usiku, kuruka kwa kutazama saa na mishale bila kuona nje, na kuruka bega kwa bega bawa likikaribia bawa. Mwisho walipewa P-40, ndege ya vita yenye kiti kimoja. Jumla ya mafunzo yalikaribia saa 200 za angani. Kambini hapo palikuwa na vibao vilivyotenga Weupe na Weusi hata mahali pa kula.

Tarehe 7 Machi 1942 walihitimu watano: Davis, Lemuel Custis, Charles DeBow, George Roberts na Mac Ross. Wanane hawakufika. Madarasa yalifuatana mwezi baada ya mwezi, kikosi kikajaa mwaka huo huo. Lakini hawakupelekwa popote. Palitajwa Liberia, shauri likafa. Wakati vikosi vingine vilikuwa vikilia kwa uhaba wa marubani, hawa waliendelea kuruka juu ya mashamba ya pamba ya Alabama, wakirudia yale waliyokwisha kuyajua. Waliondoka Aprili 1943, zaidi ya mwaka baada ya wale watano kuhitimu.

Msomaji atasema basi angalau walifundwa vizuri kuliko Dahl, na ni kweli, kwa saa. Lakini walipungukiwa na jambo moja ambalo saa hazilitoi. Desturi ya jeshi ilikuwa kuchanganya marubani wapya na wakongwe waliokwisha kupigana, ili kijana ajifunze ubavuni mwa aliyeona vita. Katika Kikosi cha 99 hapakuwa na mkongwe hata mmoja, wala hakuweza kuwapo, kwa kuwa wakongwe wote walikuwa Weupe na sheria ilikataza wachanganywe. Walipofika Moroko, afisa mmoja aliyeijua vita, Philip Cochran, aliwafunza ujanja wa mapambano kwa siku chache. Hapo walikutana na Dahl, ingawa hawakujuana: somo kuu la kazi yao walilipata pembeni, kwa hisani ya mtu mmoja.

Pambano la kwanza lilikuwa tarehe 2 Juni 1943 juu ya kisiwa cha Pantelleria; tarehe 2 Julai Charles Hall aliangusha ndege ya kwanza ya adui. Mwezi Septemba kamanda wao wa juu aliandika ripoti kwamba hawana ari ya kupigana. Davis aliitwa Washington kujieleza, akasema hawakuwa na mkongwe wa kuwaongoza. Jeshi likapima takwimu, likaona kikosi kiko sawa na vingine vya P-40. Tarehe 27 Januari 1944, juu ya Anzio, Kikosi cha 99 kiliangusha ndege 8 kwa siku moja.

Baadaye walipakwa mikia myekundu na kupewa kazi ya kuzilinda ndege kubwa za mabomu. Ikavuma kwamba hawakupoteza hata moja; watafiti wa kumbukumbu za jeshi wamehesabu kwamba zilipotea zisizopungua 25, idadi ndogo kuliko wastani wa vikosi vingine. Naona sifa ya kweli yatosha. Hadi mwaka 1946 Tuskegee ilikuwa imetoa marubani 992.

Mmoja wao, Alexander Jefferson, alitunguliwa kusini mwa Ufaransa Agosti 1944, akakaa mateka Ujerumani hadi vita vilipokwisha. Amesimulia kwamba kambini Wajerumani walimweka pamoja na maafisa Weupe wa Marekani, kwa heshima ya cheo chake. Mwaka 1945 meli iliyomrudisha kwao ikatia nanga New York. Alishuka ngazi akiwa na mabawa yake kifuani, na chini ya ngazi alisimama askari akielekeza watu: Weupe kulia, Weusi kushoto.