Mawingu ya Kyela na Hukumu ya Utabiri wa Mvua

Swali hili husikika kila msimu wa mvua unapokaribia: je, anayesema kuwa kesho mvua itanyesha anadai kuijua ghaibu? Wanaouliza huitaja Suratu Luqman, aya ya 34, ambayo imeitaja mvua miongoni mwa mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Tumeona vyema tulitazame swali hili kupitia Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwani hapo riziki ya mkulima wa mpunga na uhai wa mvuvi hutegemea kuyasoma mawingu.

Mahali penyewe

Kyela ni tambarare iliyo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake imesimama Milima ya Livingstone, na kaskazini upo Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960. Kusini ni ziwa. Mchana jua huipasha nchi kavu kuliko maji, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuelekea milimani. Ukifika huko hauna njia ila kupanda. Na hewa ikipanda hupoa, kiasi cha nyuzi moja kwa kila mita 100, hata mvuke wake ugeuke matone. Hapo ndipo wingu huzaliwa. Likipanda kwa nguvu hurundikana kama mnara, chini jeusi na juu jeupe, likaleta radi na mara nyingine mvua ya mawe. Ndilo wingu ambalo wataalamu huliita kumulonimbasi.

Aliyezoea Kiarabu atakumbuka hapa neno rukaam, yaani kilichorundikwa tabaka juu ya tabaka, ambalo Suratu Nur, aya ya 43, imelitumia katika kueleza jinsi mawingu yanavyosukumwa, yakaunganishwa, kisha mvua ikatoka kati yake. Majina ya kitaalamu ya leo yanatokana na mgawanyo wa Mwingereza Luke Howard, alioueleza mjini London mwaka 1802. Lakini Waarabu walikuwa na majina mengi ya mawingu kabla yake, na Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 276 Hijria (889), aliandika kitabu kizima juu ya nyota na misimu ya mvua.

Kwa sababu ya umbile hilo Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha Machi na Aprili. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huzileta pia mvua za milimani, hata mafuriko yakaingia mashambani pasipo wingu juu ya kichwa cha mwenye shamba.

Waliotangulia

Wenyeji, Wanyakyusa, walimtazama Lwembe, kiongozi wa ibada pale Lubaga, kuwa na uwezo juu ya mvua. Habari zake aliziandika Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe katika miaka ya 1930. Waswahili na Waarabu walifika kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1880 pamoja na Mlozi wa Karonga, wakitoka katika pwani iliyozoea kaskazi na kusi. Huku walikuta ziwa lenye tabia zake.

Mojawapo ni wingu lisilo wingu. Juu ya maji huonekana nguzo nyeusi kama moshi, kumbe ni usubi wanaoruka kwa mamilioni. David Livingstone aliwaona mwaka 1861 akadhani ni moshi wa nyasi zinazoungua. Wenyeji wa ziwa huwaita nkhungu, neno lililo ndugu wa "ukungu" wetu.

Ya pili ni ya hatari. Kati ya Mei na Agosti, mbingu zikiwa safi, huvuma upepo wa kusi-mashariki uitwao mwera, na mawimbi yake huja kwa urefu wote wa ziwa. Mwezi Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilizama katika dhoruba karibu na Chilumba, upande wa Malawi ya leo, na watu 145 wakafa. Basi anayetazama mawingu peke yake hajasalimika.

Hukumu

Katika hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikemea pale Hudaybiya kauli ya anayesema kuwa mvua imeletwa na nyota fulani. Imam Shafi akafafanua katika al-Umm: anayeitakidi kuwa nyota ndiyo iliyonyesha amekufuru, ama anayekusudia kuwa mvua ilinyesha wakati wa nyota hiyo, ni sawa na aliyetaja mwezi, ingawa kauli nyingine ni bora zaidi. Imam Malik naye amepokea katika Muwatta, mlango wa kuomba mvua, kwamba wingu likitokea upande wa bahari kisha likaelekea Sham, hiyo ni dalili ya mvua nyingi. Hii ni kusoma ada aliyoipitisha Mola, wala si kudai ghaibu.

Lugha yenyewe inatusaidia. "Utabiri" asili yake ni ta'bir, kufasiri ndoto, na mzizi wake 'abara ni kuvuka. Mtabiri huvuka kutoka kwenye dalili hadi maana yake, na anaweza kukosea. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotoa utabiri wa msimu kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Mbeya, husema "wastani hadi juu ya wastani", wala haisemi kwa yakini. Hiyo ni dhana yenye nguvu, na katika fiqhi dhana yenye nguvu hufanyiwa kazi.

Kwa hiyo tunasema: anayedai kuimiliki mvua amevuka mpaka. Anayeisoma dalili na kuwaonya watu hana kosa, na nahodha anayepuuza onyo kwa kisingizio cha tawakkul akaingia ziwani na abiria hana hoja. Kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia.

Na Mwenyezi Mungu ni Mjuzi zaidi.