Uzito wa Kifuniko: Kufunika Mizigo katika Njia ya Tabora, Kuanzia Misafara hadi Malori

Wanahistoria wa Afrika Mashariki wameandika mengi kuhusu pembe za ndovu, watumwa, nguo na shanga zilizopita katika njia ya kale itokayo Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji, lakini wameandika machache kuhusu vitu vilivyotumika kuifunika mizigo hiyo, ingawa bidhaa iliyofika bara ikiwa imeoza, imelowa au imeliwa na mchwa haikuwa na faida kwa mwenye mali. Kifuniko hakikupatikana bure hata pale kilipookotwa msituni, kwa sababu kilibebwa pamoja na bidhaa, na kila ratili moja ya kifuniko iliondoa ratili moja ya mali ambayo ingeweza kuuzwa. Mvutano huo kati ya usalama wa mzigo na wepesi wake umedumu katika njia hiyo tangu karne ya 19 hadi leo, ila aliyeubeba uzito wenyewe amebadilika zaidi ya mara moja.

Kipimo cha zama za misafara kilikuwa frasila, yaani uzito wa ratili 35, ambao ni takriban kilo 16, na mpagazi wa kawaida alibeba karibu frasila mbili begani au kichwani, mbali na mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu walipoondoka pwani, baada ya kupita mabonde yenye maji ya Mkondoa, nchi kavu ya Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ambako kulikuwa na miiba mingi na maji machache. Katika mwendo wa namna hiyo mzigo uliwekwa chini na kuinuliwa tena mamia ya mara, ukakwaruzwa na matawi, ukavushwa mitoni, ukalazwa usiku juu ya ardhi yenye unyevu, kwa hiyo kifuniko kilitakiwa kuzuia msuguano na mchwa kabla hata ya kuzuia mvua.

Namna ya kufunga ilitegemea bidhaa. Nguo, ambazo ndizo zilizochukua sehemu kubwa ya misafara iliyokwenda bara, zilikunjwa na kubanwa kwa nguvu hadi zikawa mtumba, yaani furushi refu na gumu lenye umbo la mto wa kulalia, likavishwa kitambaa kizito cha nje na kuzungushiwa kamba. Kisha vijiti vilifungwa ubavuni mwa mtumba kwa urefu, na ncha zake zikaachwa zitokeze ili mpagazi aweze kuuegemeza kwenye mti bila kuulaza chini, na ili asihitaji msaada wa mtu wa pili anapoutwaa tena. Shanga zilitiwa katika makanda, yaani mifuko myembamba ya ukili. Masango, yaani nyaya nene za shaba, yalizungushwa na kuning'inizwa kwenye ncha mbili za mzega, yaani mti wa kubebea begani, nayo hayakuhitaji kufunikwa. Baruti ilisafiri katika mapipa madogo, na ndiyo iliyotia wasiwasi kuliko vyote, kwa kuwa unyevu uliiharibu na moto wa kambini uliweza kuwaangamiza waliolala karibu nayo. Msafara uliotoka bara kwenda pwani ulikuwa na hali tofauti: pembe haikudhurika kwa mvua, nayo ilibebwa ikiwa wazi, pengine na kengele ya ng'ombe iliyofungwa kwenye ncha yake, hivi kwamba uzito wote uliolipiwa ulikuwa uzito wa bidhaa.

Kitambaa kilichotumika zaidi kilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wale wa mji wa Salem, kabla vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 havijavuruga biashara hiyo na kuwapa nafasi wauzaji wa nguo kutoka Uingereza na India. Kwa kuwa merikani ilikuwa pia fedha ya njiani, ikitumika kununua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru uliodaiwa na watemi wa nchi zilizopitwa, kitambaa kilichofunika mtumba hakikuwa uzito uliopotea kabisa, maana kingeweza kukatwa na kutumika kama malipo pindi kilipokuwa bado kizima. Ni vigumu kutaja kifuniko kingine katika historia ya uchukuzi ambacho mchukuzi angeweza kukila njiani, kwa maana ya kukibadilisha na mtama. Pamba ya aina hiyo, hata hivyo, hunywa maji, na mtumba uliolowa ulimwelemea mpagazi kupita kiasi alichokubali kubeba, jambo lililozusha magomvi kati ya wapagazi na wenye mali.

Wanyamwezi, wenyeji wa nchi ya Tabora, walikuwa na jibu jepesi zaidi, lililotoka katika misitu ya miombo inayoizunguka Tabora. Gome la miti ya jamii ya miombo huvuliwa likiwa zima kama bomba, likashonwa na kuzibwa miisho, na kuwa kilindo, yaani chombo cha mviringo cha kuhifadhia nafaka, asali au nguo, na nyuzi za gome hilo hilo husokotwa kuwa kamba. Gome halikununuliwa, halikuhitaji kurudishwa, na lilipopasuka lilitupwa na jingine likavuliwa mbele ya safari, mradi msafara ulikuwa bado katika nchi ya misitu. Katika Ugogo, ambako miti hiyo ni adimu, faida hiyo ilikoma, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya ngozi na mikeka kuchanganywa na magome katika mizigo iliyotazamiwa kufika pwani.

Juu ya yote hayo kulikuwa na hesabu ya majira. Mvua za Unyamwezi hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na wapagazi wengi walikuwa wakulima, kwa hiyo waliteremka pwani baada ya mavuno na kupenda kurejea kabla ya kupanda. Hesabu hiyo iliwafaa wakulima, lakini pia iliwapunguzia wenye mali haja ya vifuniko vizito, na mgeni aliyelazimisha safari wakati wa masika aliilipa gharama hiyo kwa namna nyingine. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na kufika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, mwezi Juni, alikuta matope na mafuriko katika bonde la Makata. Kabla ya kuondoka alikuwa amefanya jambo lenye akili kuhusu uzito: mashua alizonunua Zanzibar alizivua mbao na kuzivika ngozi ya turubai la tabaka mbili lililopakwa lami, akazigawanya katika mafungu ya ratili 68, yaani karibu kilo 31, ambacho ndicho kiasi cha mpagazi mmoja. Kitambaa hapo hakikuwa tena kifuniko cha mzigo, bali ndicho kilichokuwa mzigo.

Mfano wa pekee wa ufundi huu ulionekana miaka miwili baadaye. David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu, mwezi Mei 1873, watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi waliukausha mwili wake, wakauzungushia kaliko, wakautia ndani ya gome la mti lililovuliwa kama bomba, wakashonea kitambaa cha tanga juu yake na kuufunga kwenye mti ili ubebwe na watu wawili. Walifanya hivyo kwa kufuata kanuni zile zile za kufunga bidhaa. Waliposonga mbele baada ya kupita Kwihara, karibu na Tabora, walikuta upinzani wa watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao, ndipo katika kijiji cha Kasekera walipoufunga upya kwa umbo la mtumba wa kawaida wa nguo, na kutengeneza furushi jingine la mabua ya mtama lililorudishwa kwa heshima zote kuelekea Unyanyembe kana kwamba ndiyo maiti inayokwenda kuzikwa, kisha likatupwa porini. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874. Hila hiyo ilifaulu kwa sababu mitumba ilikuwa imezoeleka sana hata haikuchunguzwa, na waliofaulu kuibuni ni watu walioyajua maisha ya misafara kuliko Mzungu yeyote wa wakati huo.

Reli iliubadilisha uwiano huo wote. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo uzito wa kifuniko ulikoma kuwa jambo la kufikiriwa, kwa kuwa behewa halikulalamika. Bidhaa za thamani ziliwekwa katika mabehewa yenye paa, na zile za mabehewa wazi zilifunikwa turubai zito la pamba au kitani lililotiwa mafuta au nta. Kitambaa cha aina hiyo hufanya kazi kwa namna ya kupendeza, kwani nyuzi zake hufura zinapopata maji na kuziba matundu, lakini huongezeka uzito kinapolowa na huota kuvu kikikunjwa kabla ya kukauka. Vita Kuu ya Kwanza iliwarudisha wapagazi barabarani kwa maelfu, mara hii kwa kulazimishwa, na Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916. Baada ya vita, reli iliendelea kutawala, hasa ilipopata tawi la Mwanza mwaka 1928.

Malori yalikuja polepole, na ndiyo yaliyorudisha swali la wepesi. Kitambaa cha poliesta, kilichovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na kuanza kupakwa plastiki ya vinili katika miongo iliyofuata, hakinywi maji na hakiozi, nacho kiliyaondoa maturubai ya pamba katika malori mengi. Turubai la mita 14 kwa 8, linalotosha kufunika shehena ya semitrela pamoja na ubavu wake, likiwa na gramu 610 kwa kila mita ya mraba, ambao ndio uzito wa kawaida wa aina imara, lina kilo 68, yaani zaidi kidogo ya mizigo ya wapagazi wawili. La gramu 450 lina kilo 50, na lile la plastiki iliyofumwa, la gramu 200, lina kilo 22 tu.

Wauzaji hupenda kudai kwamba turubai jepesi huongeza shehena, na dai hilo lina chumvi nyingi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufikia tani 56, na kilo 18 za tofauti kati ya turubai la gramu 610 na la gramu 450, mbele ya tani hizo, haziwezi kumwokoa mwenye lori aliyezidisha mzigo katika mizani ya Vigwaza. Faida ya kweli iko kwa utingo, yaani msaidizi wa dereva, ambaye hupanda juu ya shehena yenye kimo cha mita nne kutoka ardhini na kulivuta turubai kwa mikono, mara nyingi akiwa peke yake na upepo ukiwa umeanza. Kwake yeye kilo 18 ni tofauti kati ya kufunika vizuri na kufunika nusu.

Wepesi huo nao una bei yake. Plastiki iliyofumwa huchakazwa na jua, na upepo wa lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa huipigapiga hadi ikachanika kwenye pete za kamba, hasa mahali isipokazwa. Katika mkoa wa Tabora suala la kuchagua turubai huonekana wazi zaidi kwenye tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge, ambayo hufungwa katika marobota yaliyovishwa kitambaa cha juti. Jani la tumbaku likikauka mno huvunjika, na likipata unyevu huota ukungu, kwa hiyo turubai lisilopitisha hewa, likiachwa juu ya shehena kwa siku kadhaa za jua, hutoa jasho upande wa ndani na kulilowesha robota bila tone la mvua. Kwa shehena hiyo turubai la pamba, pamoja na uzito wake, bado lina hoja, wakati saruji inayotoka Dar es Salaam, isiyovumilia hata unyevu mdogo, inafaa zaidi vinili. Na lori hilo hilo likipanda na saruji na kuteremka na tumbaku humlazimu mwenyewe kubeba maturubai mawili au kuchagua ni bidhaa ipi aihatarishe.