Mshahara wa Mwenye Deni

Katika mwaka tunaoutolea taarifa hii mwanachama mmoja alimletea katibu wetu hati yake ya mshahara. Mshahara wake ni shilingi 30,000. Baada ya kukatwa kodi, michango na mikopo miwili, alichopokea mkononi ni shilingi 6,400. Aliuliza neno moja tu: je, tajiri ana ruhusa ya kufanya hivi? Ili kumjibu ilitubidi kurudi nyuma miaka zaidi ya mia.

Kodi ya nyumba ilianzishwa mwaka 1901, na kwa wengi njia ya kuipata fedha yake ilikuwa kwenda kumfanyia kazi mtu mwingine. Basi mtu alifika kazini akiwa tayari anadaiwa. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ikamfanya aliyetoroka kabla ya mapatano yake kwisha kuwa mhalifu, wala si mtu aliyevunja mapatano tu. Aliweza kutozwa faini au kufungwa. Katika mashamba ya masetla kazi ilihesabiwa kwa tikiti ya siku 30, na ambaye hajaimaliza tikiti yake aliungoja mshahara. Kodi haikungoja. Kisha, baada ya Vita Vikuu vya kwanza, kikaja kipande, kilichoandikwa jina la tajiri na kiasi cha mshahara. Wazee wetu walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati mpaka kilipofutwa mwaka 1947.

Mwaka 1921 masetla walikubaliana kuupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsimamisha Harry Thuku na wenzake mjini Nairobi. Tafadhali ikumbukeni theluthi hiyo.

Sheria ya mwaka 1948 iligusa deni lenyewe. Asiyekuwa Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, hakuweza kumdai mahakamani ila kwa mapatano ya maandishi yaliyoshuhudiwa na ofisa wa Serikali. Ilisemwa kuwa ni kinga. Kwa maoni yangu ilikuwa kinga na kizuizi pamoja, kwa maana mwenye duka wa Kiafrika alikosa bidhaa za mkopo ambazo jirani yake alizipata kwa neno la mdomo.

Ulaya nako jambo hili lilikuwa na historia yake. Bunge la Uingereza lilizikataza mahakama kuuzuia mshahara wa kibarua kwa ajili ya deni tangu mwaka 1870, na mwaka 1949 mkutano wa Shirika la Kazi Ulimwenguni ulipatana kwamba mshahara ulindwe kwa kadiri inayohitajiwa kumlisha mfanyakazi na jamaa yake.

Sasa twaja kwa sheria tuliyo nayo Kenya, yaani Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Tajiri aliyemkopesha mfanyakazi wake asikate zaidi ya nusu ya kile kinachobaki baada ya makato mengine. Mkopeshaji wa nje naye hawezi kuelekeza tu kwamba akatiwe fedha. Ni lazima mfanyakazi mwenyewe awe ameomba kwa maandishi, au iwepo amri ya mahakama. Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa, kwani hutia sahihi karatasi tupu ili mkopo utoke upesi.

Basi theluthi ile iliyonyang'anywa mwaka 1921 leo ndiyo isiyoguswa. Mwanachama wetu alistahili kubakiwa na shilingi 10,000, naye alipunjwa 3,600. Deni lake halikufutika: atalilipa kwa miezi mingi zaidi, na riba itaongezeka, nasi tulimweleza hivyo waziwazi kabla hajakubali. Alikubali, kwa sababu watoto wake wako shuleni. Katibu amemwandikia tajiri wake barua na kukitaja kifungu hicho. Taarifa hii ilipopelekwa kupigwa chapa, jibu lilikuwa halijafika.