Gazi ya frigo ikitoka inaenda wapi?

Fundi akikata mrija wa frigo ya zamani, gazi inatoka kwa sauti kidogo, kisha kimya. Watu wanaona imekwisha, kumbe ndiyo inaanza safari.

Kati ya kilometa 15 na 35 juu ya vichwa vyetu kuna tabaka la ozoni. Linazuia sehemu kubwa ya miale mibaya ya jua, ile inayoleta kansa ya ngozi na mtoto wa jicho, na inayodhuru mimea mashambani.

Tangu miaka ya 1930, viwanda vilitengeneza gazi zinazoitwa CFC kwa ajili ya frigo, klimatizeri na vikopo vya kupuliza manukato. Zilipendwa sana juu haziwaki moto na haziharibiki upesi. Mwaka wa 1974, wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba hapo ndipo kuna hatari: CFC inapanda pole pole mpaka kule juu, miale ya jua inaivunja, na klori inatoka ndani yake. Chembe moja tu ya klori inaweza kuharibu chembe 100 000 hivi za ozoni.

Mwaka wa 1985, watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya Antaktika, inchi ya barafu kusini kabisa mwa dunia, ozoni inapunguka sana kila mwezi wa 10. Kule hakuna viwanda. Gazi ilitoka mbali, na baridi kali ya kule inaiongezea klori nguvu.

Tarehe 16 mwezi wa 9, 1987, inchi nyingi zilipatana kule Montreal kupunguza gazi hizo. Tangu 2010, kutengeneza CFC kwa frigo kumekatazwa dunia nzima. Tabaka linaanza kupona, lakini Antaktika itangoja mpaka karibu 2066, juu gazi ya R-12 inaweza kukaa hewani miaka 100 hivi.

Kwa hiyo, soma kibao nyuma ya frigo yako. R-12 na R-22 zinaharibu ozoni. R-134a haiharibu ozoni, lakini inaongeza joto la dunia. Ndiyo sababu mwaka wa 2016, kule Kigali, inchi zilikubaliana kupunguza gazi za aina yake. Mwambie fundi atafute kwanza fasi inayovuja mbele ya kujaza ingine, na gazi ya zamani aivute kwa mashine ndani ya chupa yake, asiiachilie hewani.