Kese ya bluu hufunguliwa mwisho



Katika mkutano uliopita swali lilibaki mezani. Kuna fondasio ndogo ya ng'ambo, watu wachache wanaochanga pesa zao wenyewe, inayotaka kusaidia chama chetu. Tuombe nini? Wengine walisema mabati, wengine mbegu, wengine tugawane pesa tu kila mtu ajipange. Sisi tunaotembea vijiji kwa kazi ya mashirika tuliombwa tuandike kidogo juu ya historia kabla ya kura. Ndiyo hii.

Misaada mikubwa tunaijua. Tangu vita ya 1996 watu wa bonde la Ruzizi na wa kando ya ziwa wamekimbia mara ngapi? Wengine walivuka mto kuingia Burundi. Wengine walivuka Tanganyika mpaka Nyarugusu, upande wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka ule ule. Oktoba 2005 UNHCR ikaanza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Tulirudi na shitingi, sufuria na chakula cha kuanzia. Tusikose shukrani, bila shitingi watoto wangelala mvuani. Lakini shitingi huoza. Mradi wa miezi sita ukiisha gari linaondoka, kibao kinabaki peke yake kando ya barabara ya Uvira.

Kitu kilichodumu kilianza kwa namna ingine. Mwaka 1991, Maradi, kusini mwa Niger, wamama walikuwa tayari na mchango wao wa zamani, kama likelemba yetu. Wafanyakazi wa CARE, kwa pesa kutoka Norway, hawakuleta mtaji. Walifundisha kuweka hisa, kukopeshana kwa riba ndogo na kugawana mwisho wa mzunguko. Ndani ya sanduku pesa zote zilikuwa za wamama wenyewe. Mwalimu alipoondoka kazi haikusimama, na wengine wakafundisha vijiji vya jirani. Njia ile imefika Tanzania, Uganda, Burundi na huku kwetu.

Kivu ya Kusini tunajua pia ndugu yake, MUSO, na hapa tuseme polepole kwa sababu ndipo kura yetu ilipo. MUSO ina kese tatu. Ya kijani ni akiba, ndimo mikopo inatoka. Nyekundu ni ya msiba, ugonjwa, mama amejifungua na hana kitu. Ile pesa hairudishwi. Ya bluu ni ya pesa kutoka nje. Angalieni utaratibu: bluu haifunguliwi kwanza. Kikundi kinaonyesha kwanza kwamba kijani inazunguka na madeni yanalipwa, halafu pesa ya nje inaingia kama nguvu ya kuongeza. Ikiingia siku ya kwanza, watu wanaiita pesa ya wazungu, na pesa ya wazungu, sote tunajua, hakuna anayeilipa.

Wangari Maathai naye alianza na miche michache Kenya mwaka 1977. Msaada wa nje, kama ule wa chama cha misitu cha Norway kuanzia 1982, ulikuta wamama wako tayari kazini. Walilipwa senti kidogo kwa mche uliopona, siyo kwa mche uliopandwa. Tofauti ile ndogo ndiyo ilifanya watu wamwagilie maji.

Sasa mtu atauliza: na vita? Ni haki aulize. Hapa Katogota hakuna asiyejua tarehe 14 Mei 2000, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeyaandika mauaji yale. Hakuna kese inayozuia risasi. Watu wakikimbia, sanduku linaibwa, franka inashuka bei. Lakini daftari la majina na hisa linabebwa kwenye kitambaa, na watu wanaojua nani anamdai nani wanatafutana hata kambini. Na kuna jambo ambalo mradi mkubwa hauhesabu: mjane aliyezoea kusimama mbele ya kikundi na kudai hesabu, kesho anaweza kusimama mbele ya chifu juu ya shamba la marehemu bwana yake.

Kwa hiyo tusiombe pesa nyingi. Tuombe fondasio ikae miaka mingi, hata kwa kidogo: ilipe mtu wa kufundisha hesabu, itutembelee mara moja kwa mwaka, na isitubadilishie mpango kila msimu. Mabati tutayanunua kwa mkopo wa kijani. Kama hawakubali, tuwaambie asante.

Kabla ya mkutano kila kikundi kilete majina matatu ya washika funguo, watu wa nyumba tatu tofauti, na angalau wawili wawe wamama. Asiyejua kusoma asikataliwe, kufuli haisomwi.