Safu ya Lugha: Changamano, si tata
Kwenye ubao wa twisheni moja pale Igogo, namba zenye i, ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata −1, zimeandikwa “namba tata”. La hasha! Kinachotatana ni mshipi wa mvuvi: mafundo matupu, mwanzo huuoni. Huko ndiko tulikopata utata na tatizo. Changamano ni ndugu wa changanya: 3 + 2i ina sehemu halisi na ya kufikirika, zimekaa pamoja na kila moja inajulikana. Ngumu? Sawa, jasho litakutoka, lakini jibu halina utata. Mfano ni kanuni iitwayo j, aliyoichunguza mwanahisabati Felix Klein: ukiipa i inakupa 1728 kamili. Ukiipa nusu ya 1 + √−163, inakupa −640320 kwa kipeo cha tatu.